Njiwa pori wanafuata nini hasa shambani? Nimepasua gole, sikukuta nilichotarajia

#1 Mlinda Kunde

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo linanikosesha usingizi tangu juzi. Shamba langu la kunde lina siku tisa toka nipande. Kila alfajiri njiwa pori wanashuka, kundi la kufunika tuta zima, wanatembea humo vichwa chini wakidonoa mpaka jua likolee. Mistari mitatu ya upande wa miti imebaki mitupu. Nikasema basi, mwizi nimemwona kwa macho yangu.

Juzi nikamkuta mmoja amejigonga kwenye waya wa uzio, amekufa, mwili bado una joto. Nikampasua gole (ule mfuko wa chakula chini ya koo) nipate ushahidi. Ndani nilikuta mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa kama shanga, nyingi mno, za kujaza vijiko viwili vya chai. Mbegu za nyasi. Konokono wawili wadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, magamba yao mazima. Na chembe za mchanga mweupe. Kunde hakuna. Hata ganda.

Naomba mwenye kujua anieleweshe: njiwa pori anafuata nini shambani? Na kama hakula kunde, kunde zangu zimekwenda wapi?

#2 Jicho la Kozi

Mkuu, hizo nyeusi zinazong'aa ni mchicha pori, karibu nina hakika. Mche mmoja uliokomaa unamwaga maelfu ya mbegu, na njiwa anazipenda kweli.

Halafu kumbuka njiwa hapekui kama kuku. Anatembea, anaona kilicho juu ya udongo, anadonoa. Sanasana atasukuma jani kavu pembeni kwa mdomo. Mbegu iliyofukiwa sawasawa hana njia ya kuifikia. Ulifukia kina gani?

#3 Mzee wa Mtama

Gole moja lisiwadanganye. Nimelima mtama tangu wengi wenu hamjazaliwa. Njiwa ninaowajua mimi, ukimshika kifuani unasikia punje zinakwaruzana kama kokoto kwenye kifuko. Mtama mtupu. Huyo wa kwenye waya alipita kwenye magugu asubuhi hiyo, basi. Wenzake waliobaki tuta zima ulijuaje wamekula nini?

#4 Mlinda Kunde

@Jicho la Kozi nilifukia kwa mguu, tuseme sentimita mbili au tatu. Ila siku ya pili mvua kubwa ilipiga na upande wa miti ndio wenye mteremko.

@Mzee wa Mtama shikamoo mzee. Hilo la gole moja nimelipokea.

#5 Dada Mche

Basi mtafutaji umepata jibu lako bila kujua. Mvua ilisomba udongo, kunde zikabaki wazi, njiwa wakaokota mchana kweupe. Ukitaka kuthibitisha, nenda chini ya mteremko uone kama hakuna kunde zimeota kwa fungu pale maji yaliposimama. Kwangu ilitokea hivyo kwa choroko: nililaumu ndege wiki nzima, kumbe nusu ya mbegu ilikuwa imehamia mtaroni na kuota huko kama kitalu.

#6 Kijana wa Maabara

Naomba niongeze jambo la saa. Njiwa hula sana asubuhi, halafu tena kabla ya kwenda kulala. Jioni hujaza gole, usiku akiwa mtini chakula kinashuka polepole kwenda kwenye firigisi. Kwa hiyo gole ni habari ya saa chache zilizopita. Uliyoyakuta ni kifungua kinywa chake.

Pili, kitu laini husagika upesi, kitu kigumu hukaa. Kama alikula majani machanga ya kunde, huenda yalishageuka uji wa kijani ndani ya firigisi. Je, uliipasua firigisi? Na ulimwokota saa ngapi?

#7 Mlinda Kunde

Saa mbili asubuhi. Firigisi sikuigusa, nilimfukia nayo. Hapo nakubali nilikosea.

#8 Shoka Butu

Mimi nasema njiwa anasingiziwa. Anaonekana kwa sababu yuko mchana na yuko wengi, lakini shamba lina wezi wa usiku. Panya anafuata mstari kama amesoma kamba yako ya kupandia: kishimo, kishimo, kishimo, na pembeni anaacha maganda aliyobangua. Kwale yeye anafukua, utaona udongo umetawanywa nyuma. Majongoo wanakula mbegu humo humo ndani ikiwa imelowa, juu huoni alama yoyote. Kunguru anang'oa mche mzima na kuulaza.

Mleta uzi, piga magoti uangalie hiyo mistari mitatu kwa karibu kabla ya kuhukumu.

#9 Mzee wa Mtama

Shoka, kunguru hung'oa mche wa mahindi kwa sababu punje bado iko chini yake imejaa. Kwenye kunde hana faida hiyo, kunde inapanda juu na mbegu yake. Mengine uliyosema ni kweli.

#10 Shoka Butu

Sawa mzee, nimesahihishwa.

#11 Mama Alizeti

Hilo la kunde kupanda juu na mbegu yake ndilo la kutazama! Alizeti hali kadhalika. Mche unapochomoza umebeba yale majani mawili manene ya kwanza, na hapo ndipo njiwa anapoingia. Mimi nimekaa kichakani nikawaona kwa macho yangu. Hang'oi. Anakata yale majani mawili kwa mdomo, anaacha kijiti cheupe kimesimama kama njiti ya kibiriti isiyo na kichwa. Siku mbili kijiti kinakauka, wewe unadhani mbegu haikuota.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: hiyo mistari ni mitupu kabisa, au ina vijiti?

#12 Jicho la Kozi

Mama Alizeti yuko sahihi. Amerika Kusini kuna njiwa anaitwa Zenaida auriculata, makundi yake ni makubwa ajabu huko Argentina, na lawama kubwa juu yake ni hiyo hiyo: anakula majani ya kwanza ya soya na alizeti zinapochomoza, mbali na mtama na alizeti iliyokomaa. Njiwa si mla punje tu.

Ulaya nako yupo Columba palumbus, njiwa mkubwa wa karibu nusu kilo. Majira ya baridi punje zikiisha anahamia kwenye majani: klova (mmea wa malisho ya mifugo), kabichi, rapa (zao la mbegu za mafuta). Anadonoa jani mpaka linabaki mishipa.

#13 Kibuyu

Na hao konokono je? Wakuu mmewaruka konokono, na mimi ndio walionivuta kwenye uzi.

#14 Jicho la Kozi

Konokono ni kalsiamu. Njiwa akikaribia kutaga anahitaji chokaa ya ganda la yai, na mbegu zina upungufu wa kalsiamu. Ule mchanga mweupe nao una kazi yake: njiwa hana meno na habangui mbegu mdomoni kama chiriku, anaimeza nzima. Changarawe ndani ya firigisi ndiyo jiwe lake la kusagia.

#15 Kibuyu

Kwa hiyo huyo alikuwa jike mwenye mayai?

#16 Kijana wa Maabara

Si lazima. Dume naye hulisha makinda kwa maziwa.

#17 Shoka Butu

Maziwa tena! Kijana, tulikuwa na kunde hapa, sasa tunakamua ndege?

#18 Kijana wa Maabara

Nakamua kweli, mkuu, vumilia kidogo. Ukuta wa ndani wa gole la njiwa, jike na dume, hunenepa makinda yanapokaribia kutotolewa, kisha seli zake hubanduka na kuwa kitu kama jibini laini, kimejaa protini na mafuta. Homoni inayosababisha hayo ni prolaktini, ile ile ya mama anayenyonyesha. Siku za mwanzo kinda hali kitu kingine. Miongoni mwa ndege wengine, wanaojulikana kufanya jambo la namna hiyo ni heroe, na dume la pengwini mkubwa wa Antaktika.

Inahusiana na mada kwa sababu hii: ndege wengi wanaokula nafaka hulazimika kutafuta wadudu ili makinda wapate protini. Njiwa hahitaji. Penye mbegu na maji anaweza kuzaa, mara kwa mara katika mwaka, mayai mawili mawili. Ndiyo maana shamba linamfaa kuliko ndege wengi.

#19 Dada Mche

Ahsante kwa hilo. Nilishawahi kumwona kinda ameingiza kichwa kizima kinywani mwa mzazi nikadhani anamkaba.

Na umetaja maji. Njiwa anakula vitu vikavu, lazima anywe, na anakunywa kwa kufyonza bila kuinua kichwa. Shamba lenye dimbwi karibu litapata kundi kubwa. Mleta uzi, hiyo mvua iliacha maji upande wa miti?

#20 Mlinda Kunde

Iliacha. Dimbwi lilikaa siku nne hivi.

Nimekwenda kupiga magoti kama mlivyoagiza. Sasa sikilizeni. Mstari wa kwanza, ulio karibu na miti: vishimo vitano, kila kimoja kina ganda lililobanguliwa pembeni. Wa pili: vijiti vyeupe, nimehesabu kumi na saba, vimesimama bila majani. Wa tatu: hakuna kishimo, hakuna kijiti, hakuna kitu. Na chini ya mteremko kuna fungu la miche ya kunde imebanana pale ambapo sikupanda.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

#21 Shoka Butu

Vishimo vitano. Panya. Nilisema.

#22 Mama Alizeti

Vijiti kumi na saba! Nilisema mimi pia.

#23 Mpita Njia

Mnazunguka sana. Loweka mbegu kwenye maji ya pilipili kali, njiwa akidonoa moja harudi tena. Ikishindikana, tia sumu kwenye mahindi mwaga pembeni, wafe wote. Hawa ndege hawaishi hata ukiua elfu.

#24 Jicho la Kozi

Mpita Njia, nikujibu moja moja, na la mwisho nalijibu kwa uchungu.

Pilipili: ukali wake unatushika sisi wanyama wanaonyonyesha. Ndege hausikii kabisa. Utamzuia panya pengine, njiwa atakula kama kawaida.

Sumu: jambo hili lilishafanyika kwa bahati mbaya na historia yake imeandikwa. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 mbegu za ngano zilipakwa dieldrini na aldrini ili wadudu wasizile. Njiwa waliokota zile zilizobaki juu ya udongo, wakafa kwa maelfu mashambani. Mbweha waliokula mizoga wakafa. Kozi wakapungua mpaka wakatoweka sehemu nyingi. Ilibidi mwaka 1961 yafikiwe makubaliano ya kuacha kuzitumia kwenye mbegu za majira ya machipuko. Ukimwaga sumu pembeni ya shamba hujui itaishia kwenye tumbo la nani, mbwa wako na mtoto wa jirani wakiwemo.

Na hilo la "hawaishi": Amerika Kaskazini palikuwa na njiwa, Ectopistes migratorius, makundi yake yakifunika anga kwa saa nzima. Watu walisema maneno hayo hayo. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati. Tafadhali futa lile pendekezo.

#25 Mpita Njia

Nimeelewa mkuu. Hilo la mbwa sikulifikiria. Siwezi kuhariri tena, ila wasomaji wachukulie nimelifuta.

#26 Mzee wa Mtama

Ahsante kijana kwa kukubali, si wengi wanaofanya hivyo.

Kuua hata kwa bunduki hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuamia shamba siku zile chache za hatari: mbegu inapotoka ardhini, na punje inapokomaa. Sanamu ukiisimamisha mahali pamoja, baada ya siku chache njiwa anatua juu yake. Ihamishe.

Kwenye mtama mimi ninaogopa zaidi sehemu iliyolala. Njiwa ni mzito, suke lililosimama linamwangusha, kwelea ndiye anayening'inia humo. Lakini upepo ukilaza kipande, njiwa anatua katikati kama kwenye mkeka. Na ile mitama myekundu yenye ukakasi huiacha ya mwisho, ikiwa ana kingine cha kula.

#27 Msomaji wa Usiku

Nimefuatilia kimya, niongeze moja kuhusu bunduki na magugu. Mtafiti R. K. Murton na wenzake walichunguza njiwa mashambani Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Waliona kuwapiga risasi majira ya baridi hakupunguzi idadi: walioponea walipata klova ya kutosha, na ambao wangekufa kwa njaa ndio waliokufa kwa risasi. Chakula ndicho kilichoamua wabaki wangapi.

Na kuhusu tetere wa huko, Streptopelia turtur: miaka ya 1960 chakula chake kikuu kilikuwa mbegu za magugu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wengine walipochunguza tena, ngano na rapa zilikuwa zimechukua sehemu kubwa, maana magugu yalishamalizwa kwa dawa. Ndege huyo huyo! Na idadi yake huko imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1970.

Sasa mleta uzi, shamba lako lina mchicha pori wa kutosha. Je, ukipalilia wote, hao njiwa watakwenda wapi? Huenda watahama. Huenda watageukia kunde.

#28 Dada Mche

Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Magugu ndiyo yaliyowaita. Bila mchicha wasingeshuka, na bila kushuka wasingeziona kunde zilizofichuliwa na mvua.

#29 Jicho la Kozi

Na mimi naona mchicha unawashughulisha. Njiwa wa Amerika, Zenaida macroura, aliwahi kukutwa na mbegu 17,200 za nyasi kwenye gole moja. Ndege anayeweza kuokota kiasi hicho ana kazi nyingi pale palipo na mbegu ndogo. Ila sina shamba la kupima, ninatazama tu.

#30 Kibuyu

Swali dogo: tunaongea njiwa yupi? Kuna hua, tetere, pugi, ninga. Ninga ninavyojua mimi ni mtu wa kuyu, hashuki tutani.

#31 Mlinda Kunde

Ni wa kijivu, tumbo lina wekundu wa mbali, nyuma ya shingo ana utepe mweusi wa nusu mzunguko. Sauti yake ya asubuhi mnaijua.

#32 Mzee wa Mtama

Tetere.

#33 Jicho la Kozi

Au hua. Wenye utepe huo wako zaidi ya aina moja, na majina hayo watu huyabadilishana. Ukiona jicho lina duara jekundu kulizunguka, tuambie. Ninga kweli ni wa matunda.

#34 Mlinda Kunde

Wakuu, narudi na taarifa baada ya siku sita.

Nilipanda upya mistari ile mitatu, sentimita nne, nikashindilia. Nikaweka nyavu mbili za urefu wa hatua tano. Moja ninaifunika mchana na kuifungua usiku. Nyingine kinyume chake. Sehemu iliyobaki wazi muda wote.

Iliyofunguliwa usiku imepoteza mashimo manne, maganda pembeni. Iliyofunguliwa mchana haikupoteza mbegu hata moja mpaka miche ilipochomoza, kisha ndani ya asubuhi moja vijiti tisa. Hadi hapo Shoka na Mama Alizeti wote wamepata haki yao. Lakini ile sehemu ya wazi muda wote, ambayo ingepaswa kuwa mbaya kuliko zote, imepoteza michache kuliko nyavu zote mbili. Sielewi.

#35 Shoka Butu

Panya alijificha chini ya wavu. Kitu kilichotandazwa ni nyumba kwake.

#36 Kijana wa Maabara

Au ni hatua tano tu, mbegu chache mno kupima. Rudia kwa vipande vingi, usiweke kimoja kimoja.

#37 Mlinda Kunde

Kuna lingine. Leo asubuhi chini ya mti wa pembeni nimekuta manyoya ya kijivu yametawanyika duara, kozi alishakula akaondoka. Gole lilibaki, limechanika upande. Nilikaa chini nikalimimina kwenye kiganja. Mchicha pori, kama mara ya kwanza. Mbegu za nyasi. Na punje tatu za kunde, zimevimba, moja ina kimzizi cheupe cha urefu wa ukucha wa kidole kidogo.

#38 Mzee wa Mtama

Haya sasa.

#39 Kijana wa Maabara

Mzee ngoja kwanza. Kuvimba kunaweza kutokea ndani ya gole, mna unyevu na joto. Ila kimzizi cha urefu huo ni kazi ya siku moja au mbili ardhini, gole haliwezi. Hiyo kunde ilishaota kabla ya kuliwa. Swali ni aliitoa chini ya udongo wa mteremko wako, au pale kwenye lile fungu la mtaroni ambako zilikuwa wazi?

#40 Mlinda Kunde

Ndiyo ninaenda mtaroni sasa hivi kuhesabu. Safari hii kozi aliacha na firigisi, nimeiweka kwenye chupa.